Apreizali siyo trafiki, acheni kuikimbia

Wiki iliyopita dogo mmoja wa nyumbani, daktari, yuko miezi ya mwisho ya kusomea u-GP (daktari wa familia) hapa Uingereza, kanipigia saa tano usiku, sauti imekauka kabisa nikajua tayari kuna msiba. Kumbe kasoma imeili. Imeili inamwambia akishapata CCT yake, yaani cheti cha kumaliza mafunzo, basi apreizali ya kwanza (tathmini ya kila mwaka ya daktari) ni ndani ya mwaka mmoja, na revalidesheni, yaani kuhuishwa leseni, kila baada ya miaka 5, na kichwani kwake hiyo ni mitihani mingine miwili juu ya AKT na SCA, ile mitihani ya u-GP iliyomtoa jasho. Nikamwambia dogo, kalale. Ila swali hili, kama apreizali ni mtihani wa kufelishwa, naulizwa kila ikikaribia Agosti wengi wanapomaliza mafunzo, sasa acha niliandike mara moja yaishe.

Nafikiri sisi tuliotoka Tanzania hii hofu tunakuja nayo kwenye begi. Mi nimejaza OPRAS, ile fomu ya tathmini ya watumishi wa umma, miaka kadhaa kabla haijaondolewa, mnajua ilivyokuwa, mwezi wa sita unafika watu wanakimbizana na makaratasi korido nzima, malengo ya mwaka mzima yanaandikwa siku hiyo hiyo, bosi anasaini amesimama. Kwa hiyo mtu akisikia tathmini anaona mambo mawili tu, ama uongo ama rungu.

Ya huku siyo hivyo. Unakaa na daktari mwenzako aliyefundishwa kazi hiyo, kwa kawaida ni GP kama wewe, masaa mawili hivi, mnaongelea mwaka wako. Unapeleka ulichojifunza (GP analenga krediti 50 kwa mwaka, saa moja krediti moja), kazi uliyofanya kuboresha huduma, matukio yaliyoharibika au nusura yaharibike, malalamiko na shukrani, na angalau mara moja kwenye ile miaka 5 maoni ya wagonjwa na ya wenzako kazini. Huyo mtathmini hana kufaulisha wala kufelisha. Anayepeleka neno GMC, baraza linalotoa leseni za madaktari, ni yule wanayemwita responsibo ofisa, daktari mkuu anayekusimamia, na ana maneno matatu tu ya kusema: ahuishwe, asogezewe mbele, au huyu bwana hashiriki. Kusogezewa siyo adhabu, leseni unabaki nayo. Mwenye kesi ni anayekimbia. Na dogo hajui kwamba ameshaanza zamani, maana kila ARCP aliyopita (ile tathmini ya mwaka ya walio mafunzoni) na kila Fomu R aliyojaza kwa ajili yake ndiyo ilikuwa apreizali yake, na responsibo ofisa wake miaka yote hiyo alikuwa mkuu wa mafunzo, wanayemwita "dean".

Sasa maoni yangu. Kelele za hii kitu zilipata nguvu kwa Harold Shipman, GP wa Hyde kule karibu na Manchester, Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuua wagonjwa wake 15, na uchunguzi ulioongozwa na Dame Janet Smith ukaja kukadiria kama 250. Ripoti yake ya mwaka 2004 iliichana GMC, ikaenda ikarudi mpaka Desemba 2012 ndiyo revalidesheni ikaanza. Lakini tuambiane ukweli, Shipman angepita hii apreizali asubuhi na mapema. Wagonjwa wake walimpenda! Angeleta krediti 50 na rundo la kadi za shukrani. Kwa hiyo anayekwambia hii ni mtego wa kunasa wauaji hajaitazama vizuri.

Faida yake niliijua mwaka wangu wa kwanza baada ya CCT, na ni kuvunja upweke. Ukiwa mafunzoni kuna mtu unamgongea mlango, mnamaliza kliniki mnakaa na chai anakuuliza yule wa saa nne kwa nini ulimpa ile dawa. Unamaliza, Jumatatu inayofuata hakuna anayekuuliza chochote, wewe na skrini na dakika kumi kumi. Mwaka ule majibu ya damu ya mzee mmoja yalirudi Ijumaa jioni, potasiamu 6.1, iko juu kiasi cha kuweza kusimamisha moyo, mi nikayaona Jumatatu. Mzee alikuwa mzima, alhamdulillah. Nikaandika mistari mitatu kwenye potifolio, lile faili la apreizali, nikijua ndiyo nimejichongea. Mtathmini akaisoma, akavua miwani, akaniuliza Ijumaa ile uliona watu wangapi na ulikula saa ngapi. Nikacheka, halafu nikashindwa kujibu. Miezi minane nzima hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Tukatoka pale na kitu kimoja tu kwenye mpango wa mwaka, niombe kituoni dakika 20 za mwisho kila Ijumaa ziwe za majibu na asiwekwe mgonjwa. Nikapewa.

Najua mnaogopa kuandika. Baada ya kesi ya Dkt Bawa-Garba 2018, daktari aliyefutiwa usajili kwa kifo cha mtoto (baadaye akarudishwa), watu wakaogopa maandishi yao yatatumika dhidi yao, wakaanza kuandika tafakari za maji maji, nimejifunza umuhimu wa mawasiliano, sijui nini, hovyo tu. Usiweke jina wala kitu cha kumtambulisha mgonjwa, andika kifupi, andika ulichobadilisha. Wingi wa kurasa hausaidii, na ushahidi tunao: Machi 2020 korona ilipoingia apreizali zilisimamishwa, ziliporudi mwaka huo huo zikarudi na fomu fupi, maongezi mengi, kwanza uko salama wewe mwenyewe? Mbingu haikuanguka. Na bado kuna watu hadi leo wanapandisha vyeti 70 vya wavuti, hata cha namna ya kunyanyua maboksi.

Kitu cha kuogopa kweli ni kidogo na hakisemwi. Ukipata CCT yule mkuu wa mafunzo siyo wako tena, unatakiwa uingie akaunti yako ya GMC ubadilishe taasisi inayokusimamia, na uhakikishe kwenye orodha ya madaktari ya NHS, huduma ya afya ya taifa, umetolewa kwenye utreini ukawa GP kamili. Hasa nyie mnaokwenda kufanya lokamu, yaani kazi za muda, leo hapa kesho kule, hakuna meneja wa kukukumbusha. Mi nilikumbuka kwa imeili ya tatu nikiwa foleni ya Lidl na maziwa mkononi.

Dogo, umebadilisha?