Mji Mkongwe ni wakaazi wake pia

Makala yenu kuhusu nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, kugeuzwa hoteli ni nzuri, lakini mmewasahau wakaazi. Tangu UNESCO iuingize mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, tunasikia zaidi habari za milango na kuta. Kuta muhimu, sikatai. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba letu la kihistoria, ilipoporomoka Desemba 2020 watu wawili walifariki, na sote tuliumia. Lakini pale Jaws Corner, kijiwe chetu cha Mji Mkongwe, wazee wanakunywa kahawa na kucheza dhumna kwa sababu bado kuna majirani. Familia ikishindwa kodi ikahamia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, baraza lake la kukalia mbele ya nyumba linabaki la wageni kupigia picha.

Na jamani, tuacheni kupiga saruji kwenye kuta za mawe na chokaa! Saruji inafungia unyevu ndani, plasta inavimba kisha inabanduka mapande mapande. Chokaa inapumua. Mwenye nyumba asiye na uwezo asaidiwe chokaa na fundi anayeijua kazi, asilazimike kuuza. Na kabla ya kibali cha hoteli nyingine kutolewa, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, awaite wanamtaa, wasikilizwe.