Sura yangu na ya kwenye kadi ya bima

Ukisoma sanaa na ubunifu chuo kikuu jua kabisa mwili wako unakuwa mali ya darasa. Modeli wa kulipwa hayupo, bajeti yake haipo, kwa hiyo mnachorana wenyewe kwa wenyewe, leo mtu anakwambia tulia hivyo hivyo nichore sikio, kesho mwingine anataka kiwiko, na pua yangu mimi imeshachorwa kwa penseli, kwa mkaa, kwa wino, kuna jamaa aliitengeneza mpaka kwa waya. Nyumbani hawaelewi. Baba mdogo akinipigia lazima aulize "hivi kuchora si ulikuwa unachora ukutani bure, sasa ada tunalipia nini?" na kwa hili ninalotaka kuwasimulia, aisee, jibu sina mpaka leo.

Mwaka wa pili, kozi ya uchongaji, Dar, mwezi wa lile joto la kunata. Kazi ilikuwa kutengeneza kichwa cha mtu. Wenye akili zao wakaenda na udongo, wengine wakakimbilia Mwenge kwa wachonga vinyago kubembeleza wafundishwe kushika patasi. Rafiki yangu mmoja, darasani tunamuita Profesa kwa sababu anashinda YouTube, akasema yeye hajichoshi, anachukua kalibu ya uso wa mtu mzima mzima kwa jipsam, halafu anamimina humo, sura inatoka na vinyweleo vyake vyote. Uso wa nani sasa? Akaniangalia.

Nikagoma. Nilikuwa na ndevu bwana, na siyo zile za kubahatisha, hizi zilianzia kwenye sharafa zikashuka mpaka kidevuni bila kukata tamaa popote, nazipaka mafuta, nazichana, kuna watu walikuwa wananipa shikamoo kwa sababu ya zile ndevu. Profesa akacheka, akasema wewe unaogopa nini, hata Abraham Lincoln alitolewa uso hivi hivi mwaka 1860, na mchongaji anaitwa Leonard Volk, kule Chicago, na akatoka salama akaenda kuwa rais. Akanionesha na picha kwenye simu. Nikajiona mimi na urais si mbali.

Ambacho Profesa hakusema, na nimekuja kukisoma mwenyewe baadaye kwa uchungu, ni kwamba wakati ule Lincoln hakuwa na ndevu. Zile tunazomuona nazo kwenye noti ya dola tano alianza kuzifuga mwishoni mwa mwaka huo huo. Na pamoja na kidevu kitupu bado ile kalibu ilipotoka iling'oka na vinywele vya kwenye panja, macho yakamjaa machozi. Huyo ni Lincoln. Hana ndevu.

Sasa wataalamu uso hawaubandiki jipsam moja kwa moja, wanaanza na algineti, ile madaktari wa meno wanayokujazia mdomoni wakitaka umbo la meno yako, inabanduka kama uji uliolala. Bei yake kwa mtu anayesubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, ni matusi. Profesa akaenda hadweya akanunua jipsam ya mafundi wa dari, akaja na mirija miwili ya juisi ya kuniwekea puani na kopo la vaselini ambalo lilishatumika na chumba kizima cha hosteli. Akanipaka kipaji, akanipaka mashavu, alipofika kwenye ndevu kopo likawa linatoa sauti tu. Akasema "ndevu si umeshazipaka mafuta asubuhi?" Nikasema ndiyo. Mjadala ukafungwa.

Bomba siku hiyo lilikuwa kavu, akachota maji ya kisima. Wanaokaa Dar wanajua visima vingi vya huku vina chumvi, chai yake unainywa kwa imani. Na chumvi kwenye jipsam ni kama umeiambia "harakisha". Yule mzungu wa kwenye video alisema utapata muda wa kutosha wa kupaka taratibu, mimi nilipakwa kwa kasi ya mtu anayezima moto, maana ndoo ilikuwa inagandia mkononi mwa Profesa. Macho yakazibwa, mdomo ukazibwa, nikabaki mirija miwili inapiga filimbi. Tulikubaliana dole gumba juu maana yake poa, dole gumba chini maana yake hatari.

Halafu simu yake ikaita. Nikamsikia anasema "ndiyo mama, shikamoo mama," viatu vikaondoka.

Jipsam ikikutana na maji inajirudisha kuwa jiwe, na katika kujirudisha inatoa joto, hilo tulifundishwa, lakini kufundishwa ni tofauti na kupikwa. Nikaweka dole gumba chini. Kimya. Nikaweka madole yote mawili. Kimya. Nikawa nimelala juu ya meza ya studio, shuka jeupe mpaka kifuani, uso mweupe wa jiwe, nanyoosha madole kwa feni.

Nikasikia mlango. Nikashukuru Mungu, nikatikisa madole kwa nguvu zote. Kumbe ni mama wa usafi.

Ile sauti sijui niieleze vipi, ilianzia chini ikapanda ikapitiliza masikio ya binadamu. "Maiti! Maiti inaita!" Nikaona nimtulize nikasema mama ni mimi, ila kwa mdomo uliozibwa na pumzi ya mirija ikatoka "mmmmmhhhh fiiiiii," hapo ndipo ufagio ulipofanya kazi. Alinipiga magoti, alinipiga tumbo, huku anakemea kwa jina la Yesu. Uso hakugusa, nadhani hata yeye aliona ni kazi ya mtu.

Watu wakajaa. Sisi jengo moja na watu wa maigizo, nikainuka nikawa nazunguka napapasa ukuta, wakapiga makofi. Kuna mmoja nilimsikia anasema "anawakilisha ukimya wa kijana katika jamii." Profesa aliporudi akajaribu kuvuta, pande zote za juu zinaachia vizuri, kidevu kimekataa, anavyovuta anavuta na mimi. Ushauri ukaanza kumiminika, mmoja anataka mafuta ya taa, mwingine eti nilowekwe kwenye pipa, na jamaa wa mwaka wa tatu akasema kwa upole kabisa "nyundo na tindo si vipo hapa hapa?" Huyo sijamsamehe.

Tukapanda bajaji. Dereva akauliza anaumwa au mnarekodi? Akaongeza nauli kwa sababu "abiria anatisha wateja."

Zahanati, dirishani, dada akaomba kadi ya bima. Profesa akatoa yangu. Nikasikia kimya kirefu.

"Huyu ndiye mwenye kadi?"

"Ndiye."

"Mbona hafanani na picha?"

Wallahi nilitaka kucheka, ukicheka ndani ya jipsam ndevu zinakukumbusha. Wakabishana pale, dada anasema utaratibu ni utaratibu, Profesa anasema dada sura ndiyo ugonjwa wenyewe. Nesi akatoka, akanigonga kipaji ngo ngo ngo, akasema "sisi hii jipsam, POP, tunafunga mkono na mguu, uso hatujawahi, na kwanza nani kamfunga huyu?"

Aliyeniokoa hakuwa daktari. Kulikuwa na fundi anatengeneza dari pale kibarazani, akashuka kwenye ngazi yake, akanishika kidevu, akapitisha kidole pembeni, akaguna kama mtu anayenunua tikiti. Akasema: "Vijana, sisi kwenye jipsam tunachanganya nyuzi za katani ili isipasuke. Huyu ndevu zake zimekuwa katani. Hii haitoki leo wala kesho, labda muikate katani yenyewe."

Akapenyeza kisu chake cha kupakia kwa juu, polepole, uso ukaachia mpaka chini ya pua, nikaona mwanga, nikaona watu wote wa foleni wamesimama. Halafu akasema kazi yake imeishia hapo, iliyobaki ni ya kinyozi. Kinyozi akaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, akaja na mkasi, akainama akaangalia kwa ndani, na sijui ni mazoea au dharau, akauliza "tunatoa staili gani kaka?"

Zikaondoka zote. Upande wa kushoto zilibaki kidogo kama kisiwa, akazimalizia kwa mashine ili nifanane na mtu. Nikarudi dirishani kuchukua kadi, yule dada akaangalia picha yenye ndevu, akaniangalia, akasema "bado."

Profesa akaimimina ile kalibu yake, na kichwa kilipotoka, ndevu zangu zikatoka nacho zimeotea kwenye kidevu cha jipsam, kweli kweli, za binadamu. Mhadhiri alizunguka ile sanamu akashika kidevu, akasema huu ndio ujasiri wa kutumia malighafi. Akapata A. Mimi kazi yangu ya udongo ilikauka ikapasuka siku nikiwa zahanati, nikapata C.

Mwisho wa muhula yakawekwa maonesho pale koridoni, kila kazi na kikaratasi chake. Cha Profesa kiliandikwa jina lake, halafu chini: "Jipsam, maji ya kisima, nywele." Nikamuuliza jina langu liko wapi. Akaniwekea kidole kwenye neno la mwisho.