Hamjasomea? Hata kusoma ubao kwa sauti?

Kuna kauli imenikaa rohoni tangu nitoke fildi, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo, na nisipoiandika itanipasua. "Sisi hatujasomea hao, hao wana shule zao." Imesemwa ofisi ya walimu, kikombe cha chai mkononi, kuhusu mtoto wa darasa la tano mwenye ualbino, na ofisi nzima ikaitikia kama iko kwenye ibada.

Hao! Mtoto anajua kusoma, hesabu za kichwa anawazidi wenzake, shida yake ni moja tu, ubao hauoni. Ukimwangalia hata kidogo unajua, daftari kaligusisha na pua, mwanga wa dirishani ukimpiga anafumba macho. Ila kakaa nyuma, tena dirishani, kwa sababu kwenye darasa la watoto mia na ushee anayewahi ndo anakaa mbele. Sasa anafanyaje, anasubiri jirani yake aandike halafu na yeye anaandika kutoka kwa jirani. Jirani akikosea akaweka 63 badala ya 36, na yeye 63. Daftari zikikusanywa mwalimu anakuta makosa yale yale mstari kwa mstari, fimbo, "umekopi". Ndiyo kakopi jamani, ulitaka afanyeje, wewe umewapa mgongo kipindi kizima umejaza ubao kimya kimya halafu ukafuta!

Hivi nyie mnaosema hamjasomea, kutamka kile unachokiandika kunahitaji mpaka upitie Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu? Kumtoa dirishani? Kuandika herufi kubwa? Kumwachia notsi zako wakati wa mapumziko aandike taratibu? Kuacha ile tabia ya "unachukua hiki hapa, unajumlisha na kile pale, unapata hiki" huku unagonga ubao na rula, asiyeona ubao hapo amepata nini? NECTA wenyewe, baraza la mitihani, ambao huwa tunawasema kwa roho mbaya, wanamwandalia mtoto mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa na muda wanamwongezea. Wewe unayemuona kila asubuhi umeshindwa kumsogeza deski mbili. Yaani mtoto asome kwa daftari la jirani miaka yote ya shule ya msingi, halafu maandishi yanayomtosha macho aje kuyakuta kwenye mtihani wa taifa.

Na vyuo navyo visijifiche. Sisi elimu maalumu tuliipata somo moja, semista moja, tukakariri maana za maneno matatu ya Kiingereza, A tukapata, mashine ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, sijamuona hata lekchara akiigusa.

Haya, nakubali shingo upande, madarasa yamefurika. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamekuja, na heri wamekuja, ila walimu hawakuongezeka kwa kasi ile. Mwenye vipindi sita kwa siku na rundo la daftari kila kipindi ukimletea habari za mahitaji ya kila mtoto atakutazama tu, na mimi simlaumu. Lakini kusoma kwa sauti hakumwongezei hata daftari moja la kusahihisha.

Kwa viziwi hapo nashusha sauti kidogo. Kumtupa mtoto kiziwi kwenye darasa ambalo hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama, halafu kwenye ripoti mkaandika elimu jumuishi, huo ni ukatili. Kule Buguruni Viziwi, shule ya viziwi ya Dar, angalau ana wa kupiga naye stori mapumziko. Kwa hiyo wale wa semina wanaotaka shule maalumu zifungwe zote, sikubaliani nao. Ila huyu wa kwangu anasikia, anaongea, anabishana! Na kuchanganya watoto si jambo geni hapa kwetu, shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko, inayosomesha wenye ulemavu na wasio nao pamoja, ipo pale Dar miaka yote.

Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tangu 2010, mikakati ya elimu jumuishi imeandikwa na kuandikwa tena. Ya vyoo vyenye ngazi, na ya mwalimu wa zamu kumvua mtoto mwenye ualbino kofia mstarini eti siyo sare, leo sina nguvu nayo.

Najua mtaniambia subiri uajiriwe, ukipata cheki namba ukapangwa huko ndani ndani utaongea lugha nyingine. Labda, ingawa kwa ajira hizi mtoto mwenyewe anaweza kumaliza form four kabla sijapangwa popote. Ila nilipokuwa na lile darasa ubao niliusoma kwa sauti kila kipindi, na wale wa nyuma wenye macho yao mazima nao wakawa wanaandika kwa kusikia, maana ubao wenyewe umepauka, nusu ya darasa walikuwa hawauoni siku zote na hakuna aliyesema. Malalamiko yalikuja kutoka kwa mwalimu wa darasa la jirani tu, eti nina kelele.