Huduma ya Kwanza Visiwani Lamu: Tumguse Majeruhi au Tumngoje Daktari?

Iko hoja, nayo ina uzito, kwamba majeruhi asiguswe na mtu asiyefunzwa. Mkwezi akianguka mnazini, watu humwinua upesi, huyu kashika mikono na yule miguu, wakampitisha vichochoroni hadi gatini. Ikiwa uti wa mgongo umevunjika, safari hiyo peke yake yaweza kumpooza maisha. Aliyeumwa na nyoka huchanjwa kwa wembe na kufungwa kamba ya kukaza, ilhali anachohitaji ni kutulizwa, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na kufikishwa haraka hospitalini. Aliyeungua hupakwa dawa ya meno badala ya kumiminiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20. Anayesema "msimguse, mngojeni daktari" ameyaona haya, na simlaumu.

Lakini kungoja Nairobi si sawa na kungoja Kizingitini, kijiji cha kisiwani Pate. Ubongo uliokosa hewa huanza kudhurika baada ya dakika 4 hivi, na hakuna boti itakayotoka kisiwani Pate ikafika hospitali kuu mjini Lamu ndani ya muda huo, seuze wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka.

Kwa aliyezama hoja ya kungoja huvunjika kabisa. Moyo wake husimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo dawa ya kwanza: ikiwa hapumui, alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma na kidevu kiinuliwe, abanwe pua na kupuliziwa mdomoni, kisha kifua kikandamizwe katikati mara 30 kwa kila pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Kumning'iniza kichwa chini ili "maji yatoke" hupoteza dakika hizo hizo, na huweza kuyapeleka matapishi mapafuni.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma ya kabla ya hospitali kuwa sehemu yake. Hilo ni deni la serikali, nami sitaki mafunzo kwa raia yawe kisingizio cha kutolilipa. Ila hakuna serikali iwezayo kuweka muuguzi katika kila mashua.

Kuna kizuizi kingine kisichosemwa wazi, nacho ni stara: mwanamume atamkandamizaje kifua mwanamke asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa yake wa karibu? Wanafiqhi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walishasema kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na khatibu akilieleza hilo msikitini litasikika kuliko bango la ukutani. Hata hivyo naona njia iliyonyooka zaidi ni kuwafunza wanawake wenyewe, ambao ndio walio nyumbani mtoto anapoungua au kupaliwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba umma uguse, lakini ufunzwe kwanza yale ya kuacha, na waanze manahodha, wavuvi na wakwezi, ambao hukutana na ajali kabla ya mtu mwingine yeyote. Cheti cha siku moja hakitoshi, kwa sababu ujuzi wa kukandamiza kifua hufifia baada ya miezi michache usiporudiwa. Mafunzo na yarudiwe kila mwaka kabla kusi haijaanza kuvuma, pale pale ufuoni zinapoegeshwa mashua, kila mmoja apige magoti mbele ya mwanasesere wa mazoezi mpaka mikono yake izoee.