Hita ya gereji Lushoto: mpashe fundi, usipashe bati

Mtu wa Tanga mjini ukimwambia unatafuta hita ya umeme atakushangaa, maana huko hata feni haitoshi. Lakini mkoa ni mmoja, na sisi wa Lushoto tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Julai, ukungu ukitanda na jua likizama, spana inakuwa ya baridi mpaka vidole vinagoma kushika nati. Na gereji za majumbani tunazijua: bati juu, mlango wa chuma, upepo unapita kila upenyo.

Wengi hukimbilia hita ndogo ya feni. Kwa chumba cha kulala sawa, kwa gereji sikubaliani nayo kabisa. Inapasha hewa, na hewa ya moto hupanda juu, ikatokea kwenye mianya ya bati. Unalipia kupasha Usambara nzima. Chukua hita ya mionzi, ile yenye fimbo zinazoiva nyekundu. Hiyo inapasha kilicho mbele yake: mikono yako, mgongo wako, chuma unachokishika.

Umeme nao uhesabiwe. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu imekula uniti 6. Kwa aliye kwenye daraja la uniti 75 kwa mwezi, jioni 12 za namna hiyo zimemaliza karibu zote, kabla hajawasha hata taa. Wati 1,000 zikielekezwa vizuri kwa fundi zinatosha.

Linalonitia hofu zaidi ni petroli. Tunaosha kabureta kwa petroli kwenye beseni, pale pale chini, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni. Hita yenye fimbo nyekundu ikikaa sakafuni, mvuke unaifuata. Ifungwe juu ukutani, na siku ya kuosha kabureta isiwashwe kabisa. Fanya kazi hiyo nje, mchana. Jiko la mkaa ndani ya gereji iliyofungwa ndiyo usithubutu: hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua.

Usiichomeke kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Wati 2,000 zinavuta karibu ampea 9, na ule waya mwembamba utaanza kunuka plastiki kabla hujajua kuna tatizo. Chomeka ukutani, kwenye soketi iliyofungwa na fundi umeme kwa waya wa milimita 2.5.

Kama ukuta hauwezi kutobolewa na unanunua ya kusimama, iweke juu ya meza imara, na iwe ya kujizima ikianguka. Mwombe muuzaji aiwashe na kuilaza mbele yako. Akikataa, nenda duka jingine.