Je, mchawi wa Skyrim ni dhaifu kweli?

Tangu gemu la The Elder Scrolls V: Skyrim litoke tarehe 11 Novemba 2011, kuna ushauri ambao wachezaji wapya hupewa mara kwa mara na waliowatangulia: ukitaka kucheza kama mchawi, usiache kubeba na upanga. Wanaoutoa hawana nia mbaya. Wameshakwama wenyewe kule katikati ya gemu, pale magicka, yaani nguvu ya kurogea, inapokauka, adui bado amesimama na shoka lake, na mchawi hana la kufanya ila kuzunguka nguzo mbio akisubiri nguvu zirudi. Upande wa pili wapo wanaoapa kwamba hakuna namna tamu ya kulicheza gemu hili kama kuvaa joho na kuachana na vyuma kabisa. Nimelicheza kwa namna zote mbili. Naona lalamiko la upande wa kwanza ni la kweli, ila dawa ambayo wengi huikimbilia inaua kitu ambacho upande wa pili unakipenda.

Tuanze na hesabu, maana lalamiko lilizaliwa huko. Uchawi wa kushambulia, yaani tawi la Destruction, hauongezeki makali kadiri ustadi wako unavyopanda. Firebolt, kombora la moto la ngazi za mwanzo, lina pigo la pointi 25 ukiwa bado mwanafunzi, na ukifikisha ustadi 100 ni pointi zilezile 25. Kinachopungua ni magicka unayotumia kulirusha. Ukitaka pigo kubwa zaidi inabidi ujifunze speli nyingine, yaani aina nyingine ya uchawi wa kurusha: Fireball ina 40, Incinerate ina 60. Perki, yaani uwezo wa ziada unaouchagua kadiri unavyopanda, nazo zipo: mbili za Augmented Flames zinaongeza asilimia 50 kwenye moto, kwa hiyo Incinerate inafika 90. Ukirusha kwa mikono miwili pamoja, ukiwa na perki yake, nguvu inakuwa mara 2.2, lakini gharama inapanda mara 2.8. Baada ya hapo umefika mwisho wa ngazi, ukiacha speli za daraja la juu kabisa ambazo zinataka mikono yote miwili na muda mrefu wa kuziandaa, muda ambao adui aliye mbele yako hakupi.

Mweke kando yake mwenye upanga. Ustadi wake wenyewe unaongeza pigo. Perki za Armsman zikikamilika zinalifanya liwe mara mbili. Anapeleka upanga kwenye jiwe la kunolea na kuuongezea makali, kisha anavaa pete, mkufu na glavu zilizotiwa uchawi wa kumwongezea nguvu, na vyote hivyo vinajengana. Wakati huo maadui nao wanapanda kadiri wewe unavyopanda. Draugr wa mwanzo, wale maiti wanaoamka makaburini, wanawaachia nafasi Draugr Deathlord ambao wanakula makombora ya moto bila kuyumba. Ukicheza kwenye ugumu wa Legendary, ulioongezwa mwaka 2013, pigo lako linabaki robo na lao linazidishwa mara 3. Ile Incinerate ya 90 inakuwa 22 na nusu. Pigo la mwenye upanga nalo linabaki robo, ila yeye alikuwa na akiba ya kukatwa.

Kwa hiyo anayesema mchawi wa Skyrim amepunjwa hajakosea, wala tatizo si mkono wake mzito. Ni uamuzi wa waliotengeneza gemu.

Sasa hiyo dawa. Ukiupandisha ustadi wa Enchanting, yaani wa kuvitia vitu uchawi, hadi 100 na ukachukua perki zinazohitajika, unaweza kukitia kila kivazi uwezo wa kupunguza gharama ya Destruction kwa asilimia 25. Vivazi vinavyokubali uwezo huo ni vinne: cha kichwani, cha mwilini, pete na mkufu. Ukivijaza vyote unapata asilimia 100, maana yake magicka haitumiki tena. Ongeza perki ya Impact, inayomfanya adui apepesuke kila unapompiga kwa mikono miwili, na hata joka lililotua chini halipati nafasi ya kukujibu. Unasimama mahali pamoja, unabonyeza vitufe viwili, unabonyeza tena, mpaka linakufa.

Wanaoitetea njia hii wana hoja ya kusikilizwa. Gemu lenyewe limeiruhusu, haikuja kwa udanganyifu wowote. Na kama mwenye upanga anaruhusiwa kujilimbikizia nguvu mpaka anaua jitu kwa pigo moja, kwa nini mchawi azuiwe? Kwa upande wa haki siwezi kubishana nao. Ninachopinga ni kinachobaki baada ya hapo. Mchawi asiyeishiwa magicka hana tena cha kuamua. Amekuwa mpiga mishale ambaye podo lake halimaliziki, tena mwenye mishale isiyo na makali.

Uhaba ndio unaomfanya mchawi awe mchawi. Unaanza gemu na magicka kidogo, 100 kwa makabila mengi, na kila ukipanda kiwango unachagua kuongeza pointi 10 kwenye kimoja tu kati ya afya, pumzi na magicka. Mwenye upanga anagawa kati ya viwili vya kwanza na maisha yanaendelea. Mchawi kila anapochagua magicka anajua ameuacha mwili wake ulivyo, na joho halizuii shoka. Basi anajifunza kukitazama chumba kabla hajaingia.

Chukua ushoroba mmoja wa kawaida katika magofu ya kale ya Wanordi, aina ya Bleak Falls Barrow ambayo karibu kila mchezaji huipitia mapema. Kuna draugr wamelala kwenye mashimo ya ukutani, na sakafuni kuna dimbwi la mafuta linalong'aa. Mwenye upanga anaingia na kuwapiga mmoja mmoja wanapoamka. Mchawi mwenye magicka kidogo anahesabu: makombora hayatawatosha wote. Anatega Fire Rune, mtego wa moto, nyuma ya dimbwi, mahali ambapo atakayepona atapita. Anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, anawaamsha, anawaacha wakusanyike kwenye mafuta, kisha anaugusa ukingo wa dimbwi kwa Flames, speli ndogo kuliko zote, ambayo kila mchezaji anazaliwa nayo. Moto unaenea wenyewe. Kazi kubwa ya pale haikufanywa na magicka.

Au nenda Embershard Mine, machimbo ya majambazi karibu na kijiji cha Riverwood. Speli ya Fury, ya ngazi ya kwanza katika tawi la Illusion, inamtia mtu wa kiwango kisichozidi 6 wazimu kwa sekunde 30, akashambulia yeyote aliye karibu. Ukiirusha kutoka gizani kwa jambazi mmoja, wenzake wanamgeukia, na wewe hujachoma hata unyasi. Ninaposikia mtu anasema uchawi wa Skyrim ni dhaifu, swali langu huwa ni hili: ulitumia matawi mangapi? Mara nyingi jibu ni moja, Destruction. Gemu lina matano, mbali na Enchanting ambayo ni ustadi wa pembeni. Mtu wa Conjuration anaita atronach, kiumbe wa uchawi, akae mbele apigwe badala yake. Mtu wa Alteration anageuza ngozi yake kuwa mwamba, au anampooza adui akaanguka kama gogo. Ni kweli kwamba Illusion ina mipaka, kwa sababu maiti na mashine hazisikii chochote mpaka upate perki ya Master of the Mind, na ngao za uchawi zinazoitwa ward zinakula magicka mno kuliko faida yake. Hata hivyo matawi haya yanalipa pale Destruction inaposhindwa, na yanamlipa zaidi anayeyachanganya.

Kuna kosa jingine ambalo linaniuma kuliko hesabu zote, na watetezi wa mchawi huwa hawalitaji. Ulimwengu wa Skyrim haumtambui mchawi. Hadithi imejengwa vizuri: mji wa Winterhold ulimomonyoka baharini mwaka 122 wa Enzi ya Nne, miaka 79 kabla ya gemu kuanza, na wenyeji wanakinyooshea kidole Chuo cha wachawi kilichobaki kimesimama peke yake kwenye jabali. Wanordi wanauogopa uchawi. Ukifika wewe mchawi ungetarajia chuki hiyo ikuguse, milango ifungwe, bei zipande. Walinzi wanakurushia neno la dharau, basi. Na huko Chuoni mambo ni mabaya zaidi. Mwalimu Faralda anakujaribu kwa speli moja ukiwa mlangoni, halafu mtu anaweza kuimaliza hadithi nzima ya Chuo akiwa amevaa vyuma mwili mzima, akitegemea shoka karibu kila pigano, na mwishoni akakabidhiwa cheo cha Arch-Mage, mkuu wa Chuo. Katika Morrowind ya mwaka 2002, kutoka studio hiyohiyo ya Bethesda, chama cha wachawi hakikupandishi cheo mpaka ustadi wako ufike kiwango kilichowekwa. Utaratibu ule ulikuwa ni heshima kwa aliyejinyima.

Morrowind hiyohiyo, na Oblivion iliyoifuata mwaka 2006, zilimruhusu mchezaji kuchanganya athari na kujitungia speli zake. Skyrim ilikiondoa kipengele hicho. Wapo wanaokitetea kitendo hicho kwa kusema kwamba speli za kutunga zilikuwa zinavunja gemu, na ni kweli, watu walitunga vitu vya kutisha. Lakini Skyrim nayo imevunjwa na vile vivazi vinne, na kuvunjwa kwa namna moja ileile kwa kila mtu, bila hata ubunifu wa kujivunia.

Ukitazama nje ya mfululizo huu unaona tatizo si la mchawi kwa asili yake. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, inayofuata kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, inampa mchawi idadi maalumu ya nafasi za speli, na nyingi hazirudi mpaka apumzike vya kutosha. Anaanza akiwa mnyonge, anaishia akibadilisha pigano zima kwa speli moja, na bado anabana matumizi. Elden Ring ya mwaka 2022 inafanya pigo likue pamoja na akili ya mhusika na fimbo anayoshika, huku chupa za kurudisha nguvu zikiwa na idadi yake. Zote mbili zimekuza makali bila kuondoa uhaba. Skyrim iliyabana makali, kisha ikauza njia ya kuondoa uhaba.

Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni acha upanga, na ile seti ya vivazi vinne iache pia. Chukua mhusika wa kabila la Breton, ambaye anazaliwa na kinga ya asilimia 25 dhidi ya uchawi, jifunze Conjuration na Illusion tangu mwanzo, na ikiwa Destruction inachosha shusha ugumu hadi Adept, ambapo pigo halikatwi. Na kwa Bethesda, waliotangaza The Elder Scrolls VI mwezi Juni 2018: pigo la uchawi na lipande pamoja na ustadi, na cheo cha Arch-Mage apewe mtu anayeweza kuroga.