Usiisubiri Furaha

Wengi wetu tumeiahirisha furaha. Nitatulia nikihama hapa, nikipandishwa cheo, deni likiisha. Sibezi mambo hayo, maana deni likiisha mtu hupumua kweli. Ninachokataa ni kuishi miaka kadhaa kwa kungoja, kwa sababu binadamu huzoea kila kitu upesi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Philip Brickman, na wenzake waliwahoji watu walioshinda bahati nasibu, wakawalinganisha na wengine ambao hawakushinda. Washindi hawakuwa na furaha ya kuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Zaidi ya hapo, mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki, yaliwapa raha kidogo kuliko wale wengine.

Hilo la pili ndilo linalonishtua. Fedha zimekuja, lakini ladha ya mambo ya kawaida imepungua, na siku zetu karibu zote zimejaa mambo ya kawaida.

Ndiyo maana naamini katika mabadiliko madogo, yale yanayogusa saa tunazoishi kweli. Chukua simu. Mkono huipapasa kando ya mto hata macho hayajafunguka vizuri, na kabla hujakaa kitandani umeshasoma habari za msiba, ugomvi wa watu usiowajua na ujumbe wa bosi. Siku imeanza na mizigo ya wengine. Ichaji chumba kingine, ununue saa ya kengele. Basi.

Mazoezi, usingizi, kutembea kidogo: hayo umeshayasikia na yote ni kweli. Ila usijipangie kumi kwa mpigo. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 hadi ifanyike yenyewe bila kujisukuma, huku wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, endelea Jumatano, usijitukane. (Na kama huzuni imekukaba kwa wiki mfululizo, hulali, huli, huoni maana ya kuamka, hapo usihangaike na vijitabia, muone daktari.)

Lakini tukizungumzia kuboresha maisha, mbona kila kitu kinahusu mimi? Mwili wangu, ratiba yangu, malengo yangu. Kwa maoni yangu mabadiliko yenye faida kubwa zaidi ni yale yanayomhusu mtu mwingine. Watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni mjini Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua njiani. Abiria walioulizwa wabashiri tu walidhani safari ingekuwa mbaya zaidi kuliko ya kukaa kimya. Waliozungumza kweli waliifurahia zaidi.

Tunakosea kukadiria kitu cha karibu kiasi hicho! Kama utabadili jambo moja tu wiki hii, mpigie simu mtu uliyepoteana naye, bila shida yoyote ya kumweleza. Mwambie hivyo mwanzoni kabisa, maana atakuwa anangoja useme unachohitaji.